Mchi wa Jikoni kwa Mama

Bibi yangu mzaa mama hakuruhusu mtu akalie kinu. Kiwe kimelala au kimesimama, kitupu au kina pumba, ukikikalia utapigwa kofi la mgongoni, na sababu hupewi. Tulipokua kidogo tukaambiwa eti mtoto wa kike akikalia kinu hataolewa. Miaka ikapita, nikaalikwa kwenye shughuli ya harusi ya binamu yangu, ile ya ndani, milango imefungwa na wanaume wametimuliwa, nikawaona mabibi wale wale wakiimba habari za kinu na mchi huku wakicheka hadi machozi. Ndipo nilipojua kwamba chombo kile kilikuwa na jina la pili siku zote.

Kinu cha bibi kimenirudia kwa sababu ya vitabu. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma hadithi za wanawake wa visiwa vya Karibi: Jamaika, Haiti, Trinidad, Guadeloupe, Antigua. Nilianza na swali moja tu. Wanawake hawa wanaiandikaje tamaa ya mwanamke? Si ya mwanamume kumtamani yeye, hiyo imeandikwa ikachosha, yake mwenyewe. Nilitarajia kumkuta mwanamume kila ukurasa, mwenye shamba, mume, padri, polisi, na kweli nilimkuta. Lakini mlangoni, mwenye funguo kiunoni, nilimkuta mama.

Chukua Breath, Eyes, Memory, riwaya ya kwanza ya Edwidge Danticat, mzaliwa wa Port-au-Prince, iliyotoka mwaka 1994 akiwa na miaka 25. Sophie Caco analelewa Haiti na Atie, dada wa mama yake. Akiwa na miaka 12 anaitwa New York na mama, Martine, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa ni picha na sauti ya kaseti. Martine alibakwa katika shamba la miwa na mtu aliyeficha uso, na Sophie ndiye mimba iliyotoka hapo. Sophie anapofika miaka 18 anampenda jirani yao, mwanamuziki aitwaye Joseph. Mama akigundua, anaanza kumpima. Kupima kwenyewe ni kwa kidole, kitandani, kuhakikisha kwamba ubikira bado upo, kama Martine mwenyewe alivyopimwa na mama yake. Na wakati wa kumpima anamsimulia hadithi, ili mawazo ya binti yaende mbali na mkono.

Kwenye hadithi hiyo ndipo nilipokifunga kitabu usiku ule. Ukatili huu ungekuwa rahisi kuuchukia kama ungekuja na sura ya ukatili. Unakuja na sauti ya mama anayebembeleza, sauti ambayo kila mmoja wetu alilalia.

Usiku mmoja Sophie anaingia jikoni kuutafuta mchi ambao mama hutwangia viungo. Si mchi wetu mrefu wa kutwangia mpunga ukiwa umesimama. Ni ule mdogo unaoshikwa kwa mkono mmoja. Kwa mchi huo anajivunjia mwenyewe kile ambacho mama alikuwa akikilinda. Akipimwa tena hakipo, na mama anamfukuza, jambo ambalo ndilo alilolitaka. Anaolewa na Joseph. Msomaji anayesubiri raha ya fungate hataipata, maana kitanda cha ndoa kinakuwa mahali pa maumivu na mwili wake anauvumilia kama mgeni. Danticat hakutaka kutupa ushindi wa rahisi. Kufuli limevunjika, mwenyewe bado yumo ndani.

Mwaka 1998 Oprah Winfrey alikichagua kitabu hicho kwa klabu yake ya wasomaji, kikafika kwenye nyumba ambazo hazijawahi kusoma neno kutoka Haiti. Baadhi ya Wahaiti waliokuwa Marekani waliwaka. Sasa tutaonekana sote tunapima binti zetu! Danticat baadaye aliongeza barua mwishoni mwa riwaya, akimwandikia Sophie, mhusika wake, juu ya mzigo huo wa kutakiwa kuwa mwili wa wanawake wote wa taifa. Hasira ile naielewa. Mwandishi wa pwani akithubutu kuandika mambo ya unyagoni kwa Kiingereza atakutana nayo mlango wa kwanza, na pengine nami nitakuwa miongoni mwa wenye kununa.

Kwa nini mama, lakini? Kwa nini si baba, ambaye katika nyingi ya riwaya hizi hayupo, au yupo barazani anasoma gazeti?

Jibu langu linaanzia mbali na riwaya, kwenye shajara. Thomas Thistlewood alikuwa Mwingereza aliyefika Jamaika mwaka 1750 akawa msimamizi wa mashamba ya miwa, kisha akamiliki lake, akafia huko mwaka 1786. Kila siku aliandika: mvua, sukari, nani kachapwa, na mwanamke gani mtumwa kalala naye. Haya ya mwisho aliyaandika kwa Kilatini cha kuokoteza, jina la mwanamke na mahali, shambani au nyumbani, kisha anaendelea na hali ya hewa. Wanahistoria walioketi kuhesabu wamepata mara 3,852, na wanawake 138, katika miaka 37. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya kina juu ya miili ya wanawake weusi wa Jamaika. Daftari la hesabu. Wao wenyewe waliona nini, walichukia nani, walimtaka nani, hakuna mstari.

Sheria nayo ilikuwa moja kila kisiwa: mtoto hufuata hali ya mama. Mtumwa akizaa na bwana wake, aliyezaliwa ni mali ya bwana. Pwani yetu nayo ilikuwa na masuria wake, na sisemi walikuwa na raha. Lakini mtoto wa suria na bwana wake alizaliwa huru na akaweza kurithi. Karibi tumbo la mwanamke lilihesabiwa pamoja na ng'ombe. Mama wa shambani hakuweza kumlinda binti yake, maana hakuwa wake. Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Uingereza, kati ya 1834 na 1838, kitu cha kwanza ambacho mama aliweza kukishika kwa mikono miwili akasema hiki ni changu, hakigusi mtu, kilikuwa mwili wa binti yake. Haiti ilijikomboa mapema zaidi, mwaka 1804, lakini hofu haikusoma tangazo la uhuru. Ndivyo ninavyomsoma Martine. Kidole kile kinarithi kitu kizito kuliko adabu ya Kikatoliki.

Hata kuzungumza kulikuwa na bei. Mary Prince, mzaliwa wa Bermuda, aliposimulia maisha yake ya utumwa mwaka 1831, kitabu chake kikawa cha kwanza cha aina yake kwa mwanamke mweusi kuchapishwa Uingereza. Waliomsaidia kukitoa walikuwa Wakristo wema wa kupinga utumwa, na walitaka msomaji wa London amhurumie. Mateso yamo, ya kutosha kukuondolea usingizi. Mahaba hayamo. Miaka miwili baadaye, mahakamani, akasema mwenyewe kwamba aliwahi kuishi na nahodha mmoja mzungu, na kwamba alimweleza hayo mwandishi wake. Yaliachwa nje. Mwanamke wa kuhurumiwa alitakiwa asiwe amewahi kutaka kitu.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, twasema. Jamaica Kincaid wa Antigua aliandika ulimwengu ukifundisha kwa mdomo wa mama. Hadithi yake fupi "Girl", iliyotoka kwenye jarida la The New Yorker mwezi Juni 1978, ni sentensi moja ndefu ya mama akimwelekeza binti: kufua, kupika, kushona kifungo, kutembea kama mwanamke wa heshima na si kama yule malaya ambaye, mama ana hakika, binti ameazimia kuwa. Binti anapata nafasi ya kudakia mara mbili tu. Ukiisoma ukiwa Mswahili huwezi kukwepa kumkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Naye anaelekeza, na mengi. Lakini Mwana Kupona anazungumzia mwili bila kigugumizi: namna ya kujipamba, kujifukiza, kumkanda mume na kumpepea alalapo. Raha katika utendi ule ni ya mume, hilo halina ubishi, hata hivyo ipo na ina maelekezo. Mama wa Kincaid anajua mengi vile vile. Anajua namna ya kumpenda mwanamume, anajua na dawa ya kutoa mimba, na anayapitisha kwa haraka katikati ya mapishi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Erna Brodber wa Jamaika ana neno lake kwa malezi ya namna hii. Katika Jane and Louisa Will Soon Come Home ya mwaka 1980 anaita kumbla, ganda ambalo wanawake wa ukoo humfumia binti ili dunia isimguse. Ganda zuri, laini ndani. Shida ni kutoka. Na Opal Palmer Adisa, katika It Begins with Tears ya mwaka 1997, ameonyesha wanawake wa kijiji wakifanya kazi ya mama: Monica, aliyerudi kijijini baada ya kuuza mwili mjini, anakamatwa na wanawake wenzake na kutiwa pilipili mahali ambapo hata mimi ninayejidai jasiri sitapataja gazetini. Wanaume wa kijiji hawahusiki. Baadaye wanawake wa kijiji wanakwenda mtoni kuogeshana na kuponyana, na hapo Adisa, kwa maoni yangu, anaharakisha mno. Pilipili ile haikustahili kuoshwa kwa sura moja.

Basi nikaanza kuwatafuta wanawake wanaofurahi. Wapo. Na nilipowaweka mezani kwa pamoja nikaona jambo ambalo sikulitegemea: karibu wote hawana mama.

Tituba wa Maryse Condé, kwa mfano. Condé, Mguadeloupe aliyefariki Aprili 2024 akiwa na miaka 90, alimchukua mtumwa wa kweli aliyeshtakiwa uchawi huko Salem mwaka 1692, ambaye historia haikumjali sana, akamtungia maisha katika riwaya iliyotoka mwaka 1986. Mama wa Tituba alibakwa na baharia melini, kisha akanyongwa kwa kumjeruhi bwana aliyetaka kumwingilia. Mtoto analelewa na kikongwe mjuzi wa mitishamba. Anakua huru, na uhuru huo anauacha kwa miguu yake mwenyewe akaishi utumwani, kwa kuwa anamtaka John Indian. Anamtaka tu. Mizimu ya mama na ya yule kikongwe inamtokea na kulalamika, kwa nini wanawake hawawezi kukaa bila wanaume, naye anaisikiliza kwa heshima kisha anarudi kitandani. Nilicheka. Condé mwenyewe aliwahi kuonya kwamba Tituba asichukuliwe kwa uzito mno, na wahakiki hawakumsikia.

Xuela ni mkali zaidi. Kincaid alimweka katika The Autobiography of My Mother, mwaka 1996, huko Dominica, na mama yake anakufa wakati ule ule wa kumzaa. Xuela akiwa mzee anatusimulia mwili wake bila kuomba radhi: anapenda harufu yake, anapenda kujitazama, anachukua mwanamume anayemtaka na kumwacha akitosheka, na anaapa kutozaa. Hakuna sauti kichwani inayomwita malaya, kwa sababu aliyepaswa kuipanda sauti hiyo amekwishazikwa. Sijasoma mhusika mwingine asiye na haya kiasi hicho. Sijasoma pia aliye mpweke kiasi hicho.

Na Elizete wa Dionne Brand, katika In Another Place, Not Here ya mwaka huo huo wa 1996, ni mtoto wa kuokotwa, aliyegawiwa kwa mwanamume kama panga linavyogawiwa. Siku moja shambani, akikata miwa, anainua macho anamwona Verlia, mwanamke aliyetoka Toronto kuja kuhamasisha mapinduzi, jasho linamtiririka. Brand anabaki hapo. Jasho, mkono, kiu. Kumbuka shamba la miwa la Martine. Mmea ni ule ule, jua lile lile. Brand ameingia mahali ambapo damu ilimwagika na kupanda hapo tamaa ya mwanamke kwa mwanamke mwenzake, bila kuweka kibao cha kueleza anafanya nini.

Nasema bila kibao kwa sababu vibao vimezidi. Fungua karibu uhakiki wowote wa vitabu hivi na utaambiwa kwamba Tituba akilala na mtu anaupinga ukoloni, Xuela akijipaka mafuta anaupinga mfumo dume, Elizete akibusu anaivunja dola. Huenda. Lakini angalia tulichokifanya. Mwaka 1831 mwanamke mweusi hakuruhusiwa kutamani kwa sababu tamaa ingeharibu kesi ya kupinga utumwa. Leo anaruhusiwa, ilimradi tamaa isaidie kesi nyingine. Bado anatakiwa alete risiti. Mwanamume wa riwaya akimtaka mwanamke tunasema amempenda, au ana nyege, basi, tunafungua ukurasa wa pili.

Wanaume nao walipowahi kuhakiki hawakuwa wapole. Frantz Fanon wa Martinique, ambaye wengi wetu tumemsoma kwa heshima, alitenga sehemu kubwa ya sura nzima ya kitabu chake cha 1952 kumchana Mayotte Capécia, mwandishi wa kisiwa chake, kwa kuwa mhusika wake alimpenda mzungu. Mayotte lilikuwa jina la kalamu. Aliitwa Lucette Céranus. Hoja ya Fanon ina nguvu. Ila sura inayofuata, ya mwanamume mweusi anayempenda mzungu, ina huruma nyingi zaidi.

Riwaya ninayotaka kuikalia kidogo haina sifa kubwa huku kwetu, nayo ndiyo iliyoniumiza. Marie Chauvet wa Haiti aliandika hadithi tatu zilizofungwa kitabu kimoja, Amour, Colère et Folie, yaani mapenzi, hasira na wazimu. Mwandishi Mfaransa Simone de Beauvoir aliisaidia ikafika kwa wachapishaji Gallimard wa Paris, ikatoka mwaka 1968, dikteta Duvalier akiwa madarakani Haiti. Familia ya Chauvet iliogopa kuuawa. Nakala zikanunuliwa na kufichwa, kitabu kikaondolewa sokoni, Chauvet akakimbilia New York, akafa huko mwaka 1973. Hakikuchapishwa upya rasmi hadi 2005.

Kosa lilikuwa nini? Katika hadithi ya kwanza yupo Claire, mwanamke wa miaka 39, bikira, wa familia ya hadhi, mweusi kuliko wadogo zake wawili na hajaacha kukumbushwa. Ndiye anayeshika nyumba. Anahesabu vijiko, anasimamia mpishi, anaheshimiwa na mji mzima kwa kuwa haolewi wala haguswi. Usiku anafunga mlango wa chumba, anatoa vitabu vyake na mwanasesere anayemlea kama mtoto, na anaandika shajara. Anamtaka Jean Luze, Mfaransa, mume wa mdogo wake Félicia. Kwa kuwa hawezi kumpata, anamsukuma mdogo wao wa mwisho, Annette, amchukue kwa niaba yake, naye akae nyuma ya mlango akiishi mapenzi yale kwa masikio. Huo ni uovu, na Chauvet anauandika kama uovu, kwa sentensi zenye joto la chumba kilichofungwa madirisha.

Nje ya dirisha kuna Calédu, kamanda wa polisi anayewakamata wanawake wa tabaka la Claire na kuwatesa hasa sehemu zile za mwili ambazo mji umewafundisha kuzilinda. Mayowe yanafika chumbani. Hadithi imewekwa mwaka 1939, lakini msomaji wa Port-au-Prince wa 1968 alijua ni nani anayezungumziwa. Mwishoni Claire ana jambia mkononi. Alikusudia kumuua Félicia, kisha akakusudia kujiua mwenyewe, ndipo ghasia zinatokea barabarani, Calédu anarudi nyumanyuma gizani mpaka kwenye baraza ya Claire, na jambia linaingia mgongoni mwake. Je, ameua dikteta mdogo au amemaliza kiu ya miaka 39 kwa mwili wa kwanza uliomkaribia? Chauvet hatuambii. Ndiyo maana naiweka juu ya Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys, iliyotoka miaka miwili kabla yake na kusifiwa dunia nzima. Antoinette wa Rhys, binti wa wazungu wa visiwani, anampenda mume wake kwa mwili wote, na mume anaitumia raha hiyo hiyo kuwa ushahidi kwamba ana wazimu. Ni riwaya nzuri. Lakini Antoinette anatendwa mpaka mwisho. Claire, kwa uzuri na kwa ubaya, ni mtendaji.

Kizazi cha sasa kimemgeuza mama. Nicole Dennis-Benn wa Kingston, katika Here Comes the Sun ya mwaka 2016, ametupa Dolores, mama anayeuza vinyago kwa watalii karibu na Montego Bay na ambaye hakumficha binti yake Margot: alimuuza. Margot mkubwa anafanya kazi hotelini, mchana mapokezini, usiku vyumbani kwa wageni, huku anayempenda kwa kweli ni mwanamke, Verdene, ambaye kijiji kinamtupia mizoga mlangoni. Mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye hoteli za ufukweni, iwe Mtwapa au Nungwi, hatahitaji kutafsiriwa. Kisha mwaka 2019 Dennis-Benn akaandika Patsy, na hapo nikakaa wima. Patsy ni mama mwenyewe. Ana mtoto wa miaka mitano, Tru, na anamwacha Jamaika ili aende Brooklyn kumfuata rafiki yake wa ujana, Cicely, anayempenda. Si kwamba anakwenda kutafuta ada ya shule. Anakwenda kutafuta mapenzi. Cicely kumbe ameolewa, Patsy anaishia kusafisha vyoo na kulea watoto wa watu, na Tru anakua kama wale wengine wote, bila mama.

Nilimaliza Patsy nikiwa nimemkasirikia, na sijui kama hasira ile ilikuwa yangu au ya mabibi zangu. Yatima niliowashangilia kwa uhuru wao, hatimaye nikaonyeshwa mmoja anavyotengenezwa, na mama anayemtengeneza ana mwili unaotaka kitu. Baba angefanya hivyo tungesema kaenda kutafuta maisha.

Inabaki jiko moja. Audre Lorde alizaliwa Harlem mwaka 1934. Mama yake, Linda, alitoka Grenada, na ukoo wake ulikuwa wa Carriacou, kisiwa kidogo jirani. Mwaka 1982 Lorde alitoa Zami, kitabu kilicho nusu maisha yake na nusu hekaya. Linda wa kitabu hicho ni mama mkali kama wote niliowataja, hasemi neno juu ya mwili, anaficha mapenzi chini ya maagizo. Lakini ana kinu, cha mti wa kigeni, kimechongwa matunda ubavuni, nacho ndicho kitu kizuri kuliko vyote nyumbani. Siku Audre anapopata hedhi ya kwanza anaachwa jikoni atwange viungo vya nyama: thumu, kitunguu, chumvi, pilipili manga. Anatwanga. Mdundo aliozoea unabadilika mikononi mwake, unapungua kasi, na anausikia mwili wake kwa mara ya kwanza kuwa ni kitu chema, chake, katikati ya harufu ya thumu na ya mama. Hakuna zaidi ya hapo. Kurasa chache. Chombo ni kile kile ambacho Danticat, miaka 12 baadaye, atakitia mkononi mwa Sophie.

Tofauti yake ni kwamba Audre hakuhitaji mama afe. Zami ni neno la Carriacou, linalosemekana kutokana na Kifaransa cha marafiki wa kike, kwa wanawake wanaofanya kazi pamoja na kupendana. Kiswahili kilitafuta neno lake kwenye jiwe la kusagia, na hulitamki bila kukunja uso. Nao, kutokana na neno la urafiki, wamepata jina ambalo mtu anaweza kulivaa. Na Lorde anatupasha kwamba huko Carriacou husemwa tamaa ya mwanamke kwa mwanamke inatoka katika damu ya mama. Nilisoma hapo mara tatu. Mama yule yule mwenye funguo, sasa anaambiwa ndiye chemchemi.

Nilimsimulia mama yangu habari hizi jikoni kwake, Ramadhani iliyopita, akiwa anatwanga thumu ya pilau kwenye kinu kidogo cha marehemu bibi. Nilianza na Lorde, kwa woga. Akasema, "Mm." Nikampa na ya Sophie, nikaruka ya kurukwa, lakini mama si mtoto. Mchi ukasimama.

"Sasa ule mchi aliupeleka wapi?"

Nikamwambia kwamba kitabuni Sophie anauchukua pamoja na shuka yenye damu na kuvitia vyote kwenye mfuko.

Akafikiri kidogo. Akapangusa kinu kwa kidole, akalamba.

"Na yule mama yake," akasema, "siku ya pili alitwangia nini?"